Sabuni ya mwani na karafuu: kutoka kwenye mizani hadi dukani

Wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya pwani ya Unguja wanalima mwani wa biashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani ukiuzwa mkavu kwa kilo, bei anaipanga mnunuzi. Ukisagwa ukaingia kwenye sabuni, bei unaipanga wewe. Lakini kazi hii inasimama kwa vitu viwili: mizani ya dijitali inayosoma gramu mojamoja, na daftari. Anayekadiria kwa kikombe anaweza kupata sabuni nzuri mara tatu, ya nne ikawasha ngozi za wateja, naye asijue kosa liko wapi.

Anza na vyombo. Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, na hizo ziweke mbali kabisa: kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, huitafuna alumini, ikafoka na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Tumia sufuria ya stili isiyoshika kutu au ndoo nene ya plastiki yenye alama ya 5 chini yake. Uwe na miwani ya kukinga macho, glavu ndefu za mpira, nguo ya mikono mirefu, kipimajoto, blenda ya mkono na boksi la mbao lililotandikwa karatasi ya kuokea. Watoto wasiwepo karibu.

Kwa kilo moja ya mafuta, pima hivi:

Mafuta ya nazi gramu 500
Mawese meupe yaliyosafishwa gramu 400
Mafuta ya nyonyo gramu 100
Kostiki soda gramu 153
Maji gramu 306
Unga wa mwani gramu 20
Mafuta ya karafuu gramu 5

Hiyo 153 imetoka kwenye hesabu. Kila gramu ya mafuta ya nazi hutaka gramu 0.183 za kostiki, mawese 0.142, nyonyo 0.128. Jumla ni 161, kisha unapunguza asilimia 5, yaani gramu 8 za akiba, ili mafuta kidogo yabaki ya kulainisha ngozi. Ukikosa nazi ukaweka alizeti, ambayo hutaka 0.135 tu, bila kubadili kipimo, unazidisha kostiki kwa gramu 24, na akiba yako ilikuwa 8. Sabuni hiyo itachoma. Ukibadilisha mafuta, piga hesabu upya.

Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani yana mtego wake. Mara nyingi hubaki na maji ya tui na chembe za machicha. Yaweke kwenye moto mdogo usikilize: yakichachatika, bado yana maji. Yakinyamaza na mapovu yakaisha, yaepue, yachuje kwa kitambaa, ndipo upime. Usipofanya hivyo unapima gramu 500 na ndani mna mafuta 470, na sehemu kubwa ya akiba yako imeshaliwa. Zile chembe nazo ndizo zinazochacha baadaye na kuleta madoa ya rangi ya chungwa.

Mwani uoshe kwa maji baridi mara tatu au nne hadi ukionja usisikie chumvi, uanike kivulini mpaka uvunjike mkononi, usage, uchekeche kwa chekecheo la chai. Chumvi ikibaki, sabuni hushika (huwa nzito na kuganda) haraka na kumeguka unapokata. Kwa sababu hiyohiyo usitumie maji ya kisima cha pwani. Maji ya chupa yanafaa, au ya mvua yaliyochujwa.

Sasa kuchanganya. Fanyia nje, upepo ukitoka nyuma yako. Tia kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki: huchemka ghafla na kuruka usoni. Mchanganyiko utapanda moto sana. Usubiri ushuke hadi nyuzi 40, na mafuta yawe karibu na hapo. Mimina maji ya kostiki kwenye mafuta, washa blenda sekunde 10, izime, koroga nayo, washa tena. Inua blenda: tone likibaki na alama juu kabla ya kuzama, kama uji mwepesi, imefika. Tia unga wa mwani uliolainishwa kwa kijiko cha mafuta yaleyale uliyoyapima. Karafuu iwe ya mwisho, blenda ikiwa imezimwa, na umimine kwenye boksi hapohapo. Yujenoli iliyomo kwenye karafuu huharakisha kushika; ukichelewa utakuwa unachota ugali. Usizidishe gramu 5 ili inukie zaidi, kwani karafuu nyingi huwasha.

Kata baada ya saa 18 hadi 24, ukiwa bado na glavu. Ukingoja siku mbili, sabuni yenye nazi nyingi hupasuka chini ya kisu. Utapata vipande 13 vya gramu 110. Vipange kwenye chanja penye hewa, vigeuze kila wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Wakati wa masika ongeza muda. Vumbi jeupe juu halina madhara, futa tu. Vitone vya maji makali vinavyotoka ndani ni kostiki isiyochanganyika. Mzigo huo, yaani sabuni zote ulizomimina pamoja, usiuze. Kabla ya kufungasha, lowesha kipande kimoja uguse kwa karatasi ya kupimia pH, yaani kipimo cha ukali: 9 hadi 10 ni sawa, 11 na zaidi hapana.

Kila mzigo upe namba, iandike daftarini pamoja na tarehe, vipimo na mafuta yalikotoka, kisha kwenye lebo. Uzito wa lebo ni ule wa baada ya kukauka. Usiandike kwamba inatibu chunusi au fangasi. Ukisema inatibu, umeingia kwenye dawa. Tanzania Bara usajili wa vipodozi uko TBS, shirika la viwango, tangu 2019, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, hutoa barua ya utambulisho kwa wajasiriamali wadogo. Zanzibar nenda ZFDA, wakala wa chakula na dawa, na jina la biashara BPRA, wakala wa usajili wa biashara.

Bei ikokotoe kwa vipande 11, si 13: kimoja unakihifadhi na namba yake kwa ajili ya malalamiko, kimoja huharibika. Tuseme malighafi ni shilingi 16,500, kufungasha 5,500, na kazi yako ya saa nne unailipa 11,000. Jumla 33,000, kipande 3,000 kabla ya faida na kabla ya asilimia ya mwenye duka. Wengi huacha ile 11,000 nje, wakafanya kazi mwaka mzima bila mshahara.

Maduka ya watalii hupenda mali kauli: unaacha bidhaa, unalipwa zikishauzwa. Kubali, ila uache vipande 10 kwa mara ya kwanza, hati isainiwe na pande mbili ikiwa na namba za mizigo, na uende kuhesabu kila Ijumaa. Zisizouzwa kwa wiki 6 zirudishe nyumbani: zikikaa dirishani juani, rangi hufifia na karafuu huisha harufu.