Kabla hujagawa kori za ruta: mambo ya kuzingatia

Prosesa ya ruta ina kori kadhaa, yaani vitengo vinavyofanya kazi sambamba, na wewe ndiye unayezigawia huduma za ruta hiyo. Muuzaji akikwambia ruta yake inabeba gigabiti 10 kwa sekunde, muulize: kwa pakiti (vipande vya data) za ukubwa gani? Fremu, yaani bahasha inayobeba pakiti, ikiwa ndogo kabisa kwenye Ethernet ni baiti 64. Ongeza baiti 20 zinazoliwa na utangulizi na mwanya kati ya fremu, na laini hiyo ikijaa italeta pakiti milioni 14.88 kila sekunde, yaani nanosekunde 67 kwa kila moja. Kori ya gigahezi 3 inapata hapo mizunguko kama 200, na kwenda mara moja tu kwenye memori kuu kunaweza kuimaliza yote. Fremu zikiwa za baiti 1,518, idadi inashuka hadi 813,000 hivi, na ruta ileile inaonekana haina kazi.

Kwa hiyo anza kwa kupima trafiki yako mwenyewe, mchana na usiku, ukihesabu pakiti na si biti peke yake. Kisha pima kila huduma kivyake, kwa sababu hazichoshwi na kitu kimoja. Kupeleka pakiti kunagusa kichwa chake tu, hivyo mzigo unafuata idadi. IPsec, huduma ya kulinda data kwa usimbaji, inasimba kila baiti iliyomo, hivyo ukubwa nao unauma. NAT, inayobadilisha anwani ili vifaa vingi vitumie anwani moja ya nje, inaumia zaidi miunganisho mipya inapomiminika, kwani kila mmoja unadai nafasi yake kwenye jedwali. Usiku wa video, wenye pakiti kubwa, unaweza kuipumzisha kazi ya kupeleka pakiti na kuielemea IPsec.

Angalia pia pakiti zinagawanywaje. Kwa kawaida kadi ya mtandao inachanganya anwani na namba za poti kupata kori ya kuipelekea kila pakiti, ili pakiti za mtiririko mmoja (mawasiliano mamoja kati ya pande mbili) zisipishane. Mpango mzuri, mpaka mteja mmoja mkubwa apitishe kila kitu ndani ya handaki moja la VPN (njia ya faragha iliyosimbwa), ambalo kadi inaliona kama mtiririko mmoja. Hapo kori moja inazidiwa na nyingine zinatazama, na kununua prosesa yenye kori nyingi zaidi hakutamsaidia mtu.

Kuhamisha kori kutoka huduma moja kwenda nyingine si bure. Kwenye Intel IXP2400, prosesa ya mitandao ya miaka ya 2000, yenye injini ndogo 8 za thredi 8 kila moja, nafasi ya programu ilikuwa maagizo 4,096 kwa injini, na kuipa kazi nyingine kulitaka uisimamishe na kuipakia upya. Kori za leo hazina dhiki hiyo, ila kache (memori ndogo ya haraka ya kori) inaanza tupu, na mtiririko ukihamishwa katikati pakiti zinaweza kufika kinyume cha mpangilio. TCP, itifaki inayosimamia usafirishaji wa data, inadhani zimepotea na kupunguza mwendo. Weka kizingiti cha kuongeza kori juu, cha kupunguza chini kabisa, la sivyo mfumo utayumba kutwa. Na kipimo kiwe urefu wa foleni ya pakiti zinazosubiri, si asilimia ya matumizi ya prosesa. Programu za DPDK (maktaba ya kushughulikia pakiti kwa kasi) huzunguka zikiuliza pakiti hata zisipokuwepo, kwa hiyo prosesa inasoma asilimia 100 hata alfajiri.

Acha kori moja ya usimamizi isiyoguswa na huduma yoyote. Kori zote zikizama kwenye pakiti, jumbe za BGP, itifaki ambayo ruta hutumia kupashana habari za njia, zinachelewa. Zikikosekana kwa muda unaopendekezwa wa sekunde 90, ruta jirani itakuhesabu umekufa na kufuta njia zako zote.