Kubuni Amplifaya ya Transista Moja kwa Ukuzaji Unaoutaka

Fundi wa Ngamiani, hapa Tanga, anayechomoa transista kwenye redio chakavu hawezi kujua kila moja itaukuza mkondo mara ngapi, kwani BC547 moja huweza kuukuza mara 110 na nyingine yenye jina hilohilo mara 800. Kwa hiyo ukuzaji wa volti usiutegemeze kwenye transista, bali kwenye rezista, ambazo thamani zake husomeka kwa rangi.

Tuchukue mawimbi ya sauti ya milivolti 50 yanayotakiwa kufikia nusu volti kabla ya kuingia kwenye amplifaya kubwa ya harusini, yenye ukinzani wa omu 10,000 kwenye ingizo lake. Ukuzaji unaotakiwa ni mara 10, na umeme ni wa betri ya volti 12.

Transista ina miguu mitatu: besi, inakoingia sauti; kolekta, inakotokea ikiwa imekuzwa; na emita, inayoelekea ardhini, yaani kwenye hasi ya betri. Chagua mkondo wa kolekta wa miliampea 1 na rezista ya omu 4,700 kati ya kolekta na chanya ya betri. Kolekta itatulia karibu na volti 7, ikiwa na nafasi ya kupanda na kushuka. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu, kwa sababu kwa upande wa mawimbi omu hizo 4,700 zimo sambamba na omu 10,000 za mzigo, yaani ile amplifaya kubwa, na kwa pamoja ni takriban omu 3,200 tu. Ukuzaji ni ukinzani huo wa kolekta kugawanya kwa ule wa emita, kwa hiyo gawanya kwa 10, upate omu 320 za upande wa emita. Ndani ya emita yenyewe mna ukinzani mdogo, ambao ni milivolti 26 kugawanya kwa mkondo, yaani omu 26. Ukiutoa zinabaki 294. Rezista ya emita ya omu 270 itakupa mara 10.8, na ya 330 mara 9. Mimi huchagua 270, kwani sauti iliyozidi hupunguzwa kwa volyumu. Aliyeusahau mzigo akaweka 470 atapima mara 9.5 mezani, kisha 6.5 akishaunganisha.

Hata hivyo, omu 270 peke yake hazitoshi kuutuliza mkondo. Kila joto linapopanda nyuzi moja, volti kati ya besi na emita hupungua kama milivolti 2, na sanduku la bati mchana wa Februari si mahali pa kujaribia bahati. Ongeza chini yake rezista ya omu 820, na sambamba na hiyo ya 820 pekee weka kapasita ya maikrofaradi 100, ambayo hupitisha mawimbi lakini huuzuia mkondo tulivu. Emita itakaa kwenye volti 1.1 hivi, ilhali mawimbi yatakutana na omu 270 tu. Ukiipitisha kapasita juu ya rezista zote mbili, ukuzaji utaruka hadi karibu mara 120, utayumba kwa joto, na sauti itakwaruza.

Besi inahitaji volti 1.75 hivi: omu 82,000 kutoka kwenye umeme, omu 15,000 kwenda ardhini. Mkondo upitao humo unazidi mara kumi ule wa besi, hata transista ikiwa ile ya 110. Kapasita za kuingilia na kutokea ziwe za maikrofaradi 2.2, chanya zikielekea kwenye transista.

Kabla ya kuingiza sauti, pima volti kati ya kolekta na ardhi. Ikisoma karibu 7, endelea. Ikisoma 12, transista haipitishi mkondo. Kagua miguu yake na ile rezista ya 82,000. Ikisoma kati ya 2 na 3, imefunguka kupita kiasi, na mara nyingi ni ile ya 15,000 iliyokatika au isiyoshika risasi vizuri.