Kusafisha filamu bafuni kwenye joto la Dar

Juzi nimemsaidia mpwa wangu kusafisha filamu yake ya kwanza bafuni kwangu, Dar es Salaam. Naandika kabla hajarudi kuniuliza tena. Ni filamu za nyeusi na nyeupe tu. Za rangi na mimi tulishagombana.

1. Giza. Subiri usiku. Nailoni nyeusi dirishani, kanga kuukuu chini ya mlango. Kaa humo dakika 5, kisha nyoosha mkono. Ukiuona, bado. Taa nyekundu ni ya karatasi za picha, filamu usiioneshe taa yoyote. Simu ibaki sebuleni.

2. Rili. Gizani humo, vingirisha filamu kwenye rili (kigurudumu cha kuishikia), tia ndani ya tanki la kusafishia lisilopitisha mwanga, funika, washa taa. Jizoeze mchana kwa filamu mbovu. Rili ya plastiki ikipata jasho tu, filamu inakwama katikati. Mimi nilihamia ya chuma na sirudi.

3. Joto. Hapa nimepoteza filamu mbili. Maelekezo ya developa (dawa ya kwanza, inayotoa picha kwenye filamu) yanataka nyuzi 20. Maji ya simtanki langu jioni yanasoma 31. Mara ya kwanza nilitumbukiza barafu ndani ya developa yenyewe. Ikapoa kweli, lakini ikazimuliwa, negativu zikatoka hafifu. Mara ya pili nikapoza developa peke yake kwenye friji, fiksa (dawa ya mwisho, ya kuifanya picha isiharibiwe na mwanga) na maji ya kuoshea nikaviacha na joto lake. Filamu ikatoka kwenye baridi ikaingia kwenye moto, gelatini, ule utando unaobeba picha, ikajikunja, anga lote likawa kama ngozi ya kenge.

Siku hizi sihangaiki na 20, nakaa kwenye 24. Developa, siki (ya kuisimamisha developa), fiksa na dumu la maji ya kuoshea, vyote vinaingia beseni moja lenye barafu iliyofungwa kwenye mifuko, nusu saa au zaidi. Pima ndani ya kila chombo. Maji ya beseni yanadanganya. Kipimajoto cha homa hakifai, kinaanzia 35! Kila nyuzi moja ikipanda, punguza muda wa developa kwa asilimia 10 hivi. Filamu ya HP5 Plus kwenye developa ya D-76 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ni dakika 11 kwa nyuzi 20. Kwa 24 natumia 7 na nusu. Usishuke chini ya dakika 5, dawa haitashika sawasawa.

4. Dawa. Developa, ukipindua tanki sekunde 10 kila dakika. Kisha siki nyeupe ya dukani, sehemu 1 kwa maji 2, nusu dakika. Fiksa dakika 5. Osha: jaza maji, pindua mara 5, mwaga, tena mara 10, tena mara 20.

5. Kukausha. Ning'iniza humo humo bafuni, kibanio chini. Feni izimwe, inapeperusha vumbi. Ukiona filamu ina utusitusi kama maziwa, irudishe kwenye fiksa kisha uioshe upya.