Kazi ya mkoba wa kitenge ambayo mteja haioni, na namna ya kuitia katika bei

Ninashona mikoba ya kitenge katika komini ya Kenya, yaani sehemu ya mji yenye jina hilo, hapa Lubumbashi, Kongo. Mabinti wanaokuja kujifunza kwangu hukimbilia cherehani, wakidhani biashara yote iko pale. Ninaandika kwa ajili yao, na kwa yeyote anayeanza, kwa sababu inaniuma kuona fundi mwenye mkono mzuri anafunga kazi huku wateja bado wanamtafuta. Kinachomfungisha ni bei: ameuza nguo, akasahau kuuza muda wake.

Kazi inaanzia sokoni. Kigeuze kitenge kabla ya kuuliza bei. Waksi nzuri, yaani kitenge kilichochapwa kwa nta, rangi yake imeingia pande zote mbili. Ile iliyochapwa juu juu, mgongo wake umefifia. Loanisha kona, uifikiche kwenye kitambaa cheupe uone kama inachuja. Halafu sema kwa heshima, "Mama, tupime pamoja." Kipande cha yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu, na vipo vinavyopungua. Ukifika nyumbani, kifue kabla ya kukata. Pamba hunywea, na mteja akifua mkoba ambao nguo yake haikufuliwa, kitenge kitajikunja na bitana itabaki kubwa. Kiangazi vumbi letu jekundu hushika nguo iliyoanikwa nje. Masika hakuna kinachokauka haraka. Panga kazi yako kwa kufuata hali hiyo. Kufua, kuanika na kupiga pasi huweza kumaliza siku nzima kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Sasa hesabu, na hapa nakuomba utulie. Mkoba wa sentimita 40 kwa 40 unahitaji vipande viwili na mishikio. Kitenge cha yadi 6 chenye upana wa karibu sentimita 115, ukikikata kila baada ya sentimita 45, kinatoa mikoba 12. Hiyo ni kama maua ni madogo. Ua likiwa kubwa na ukataka likae katikati ya mkoba, pande zote mbili, utapata 9 tu. Mimi huliweka katikati kila mara, kwa sababu ndipo macho ya mteja yanapoangukia, lakini nguo inayobaki ni gharama ya mikoba ile 9. Mabaki nayashonea pochi za sarafu na simu.

Tuseme kipande kimekugharimu dola 18. Kwa mikoba 9, kila mmoja umekula dola 2 za kitenge. Bitana, zipu, uzi na kile kitambaa kigumu cha katikati, weka dola 2. Makala (mkaa) ya pasi, umeme, teksi ya kwenda sokoni, mega za intaneti ya simu, weka dola 1. Umefika 5. Fundi wengi huishia hapo, wanauza dola 6 na kusema wamepata faida. Mkoba huo umechukua masaa 2 ya cherehani na saa nzima ya kazi nyingine. Masaa 3 kwa dola moja!

Hiyo saa ya kazi nyingine usiikisie. Kwa wiki moja weka kaye (daftari) karibu nawe, uandike kila dakika uliyofanya kazi bila kushona: soko, kufua, kukata nyuzi zinazoning'inia, kupiga picha, kujibu ujumbe, kumfuata anayedaiwa. Ukikuta masaa 12 na mikoba 12 imekamilika, kila mkoba umekula saa moja. Ukijilipa dola 1 kwa saa, ongeza 3, umefika 8. Ongeza 2 za kutengeneza cherehani na kununua kitenge kijacho. Bei ni 10. Mteja akisema, "Yaya (dada), punguza," unajua unaweza kushuka hadi wapi, na unaweza kukataa bila hasira.

Picha zipige asubuhi karibu na dirisha, pasipo taa, rangi zitoke kama zilivyo. Mmoja ashike mkoba begani ili ukubwa wake uonekane. Utapunguza maswali mengi ya sauti kwenye WhatsApp.

Kwa mkoba wa kuagizwa, chukua avansi, yaani malipo ya awali, ya nusu ya bei kabla ya kukata. Hata kwa shemeji, hata kwa mtu wa kanisa lako. Mwambie kwamba hiyo avansi ndiyo inayonunua nguo yake. Watu wengi wanaelewa. Ukilipwa dola, angalia noti mbele yake, kingo zote nne: ikichanika hata kidogo, kesho muuza kitenge ataikataa na hasara itakuwa yako. Falanga, pesa zetu za Kongo, za chenji ziwe tayari. Patenti, yaani kodi ya kibali cha biashara ndogo, nayo iandike kwenye kaye kama gharama, ikatwe kidogo kidogo kila mwezi.

Umeme ukikatika, usikae unausubiri. Kata, bandika pini, shona vifungo kwa mkono, ili umeme ukirudi ubaki na mishono mirefu tu. Cherehani ya kukanyaga kwa mguu, kama unaweza kuipata, inafaa sana hapa.

Na anza Januari kwa ajili ya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake. Wanawake wa vyama, wa ofisi na wa makanisa hutaka kitenge cha aina moja, na wengine watataka mkoba wa kufanana nacho. Nenda kwa viongozi wao mapema ukiwa na mkoba mmoja wa mfano, uulize wamechagua nguo gani na wako wangapi. Funga oda katikati ya Februari, hata wakikusihi, kwa maana atakayekuja tarehe 5 Machi atakuondolea usingizi na bado atataka bei ya kundi.