Somo: Kuishi bila plastiki, tuanzie kwenye pipa la taka

Ndugu zangu, wengi wanaoamua kuachana na plastiki hukimbilia dukani. Wananunua chupa ya chuma, mswaki wa mianzi na seti nzima ya vyombo vya kioo, kisha makopo yao ya zamani ya plastiki yanaishia jalalani. Hapo taka zimeongezeka. Somo hili halihitaji ununue chochote kwanza.

Hatua ya 1: Lijue pipa lako
Kwa wiki moja, kila plastiki unayotaka kutupa ioshe, ikauke, uiweke kando. Mwisho wa wiki zimwage zote sakafuni uzitenge kwa mafungu: mifuko, chupa za vinywaji, vifungashio vya chakula, vitu vya bafuni. Fungu kubwa kuliko yote ndilo kazi yako ya kwanza, mengine yasubiri. Nalisisitiza hili kwa sababu anayetaka kubadilisha kila kitu kwa mkupuo huchoka mapema, na nyumba nzima inachoka naye.

Hatua ya 2: Vitu vya kutumia mara moja
Dawa yake ni kubeba vyako. Mfuko wa kitambaa ukae ndani ya mkoba unaotoka nao, na ukishashusha vitu nyumbani uurudishe mkobani papo hapo. Watu hukwama hapo: mfuko wanao, ila umebaki jikoni. Mmoja au miwili inatosha, maana kilimo cha pamba hula maji mengi, na mfuko huo unalipa tu ukitumika kwa miaka.

Msidanganyike na kikombe cha karatasi. Kichane taratibu utaona utando mwembamba unaong'aa upande wa ndani. Kwa kawaida utando huo ni plastiki.

Hatua ya 3: Jikoni
Makopo mazima usiyatupe, yape kazi ya kuhifadhi vitu vikavu. Chakula cha moto kisiingie humo, hasa chenye mafuta, kwa sababu joto na mafuta huharakisha kemikali kuhama kutoka kwenye plastiki kwenda kwenye chakula. Cha moto kiwekwe kwenye kioo, udongo wa kuchoma au chuma cha pua. Kufunika bakuli, sahani inatosha.

Ukigeuza chombo utaona tarakimu ndani ya pembetatu, 1 hadi 7. Inataja aina ya plastiki tu (1 ni PET ya chupa za maji, 3 ni PVC ya mabomba, 6 ni polistairini ya vyombo vyepesi vya povu). Wengi huisoma kama ahadi kwamba chombo kitarejelezwa, na sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba katika taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi 2015, ni asilimia 9 tu zilizorejelezwa. Ndiyo maana mkazo wangu uko kwenye kutoichukua tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Bafuni na nguo
Sabuni ya kipande inaondoa chupa kadhaa kwa wakati mmoja. Iweke kwenye kisahani chenye matundu ikauke, la sivyo itayeyuka. Mswaki wa mianzi mara nyingi una nywele za nailoni. Zing'oe kwa koleo kabla ya kuufukia mpini.

Poliesta, nailoni na akriliki nazo ni plastiki, na kila zikifuliwa huachia nyuzi ndogo mno zinazokwenda na maji. Fua kwa maji baridi, na zivae mpaka zichakae.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, vipi hizi plastiki zinazosemwa zinaoza?
Jibu: Soma maandishi yake vizuri. PLA, kwa mfano, hutengenezwa kwa mimea lakini huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60. Ukiitupa mtaroni itakaa muda mrefu.

Swali: Nilizokwisha kuzikusanya, nizichome?
Jibu: Hapana, tafadhali. PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi, na inaweza kutoa dioksini, sumu inayodumu mwilini na kwenye udongo. Zikabidhi kwa wakusanya taka.

Swali: Ninamuuguza mzazi, hawezi kunywa bila mrija. Nifanyeje?
Jibu: Pole sana, dada. Mrija huo usikunyime usingizi. Wa silikoni unaooshwa upo, ukimfaa mtumie. Usipomfaa, endelea na wa plastiki. Vifaa vya mgonjwa havimo katika somo hili.

Swali: Mimi niko tayari, mwenzangu hataki kusikia.
Jibu: Usimkabidhi orodha ya makatazo. Badilisha vile unavyonunua wewe mwenyewe, na vyake usiviguse. Sabuni ya kipande iweke karibu na ile yake ya chupa, achague mwenyewe.