Kugawa kanda za bima ya mafuriko: anza na kizingiti cha mlango

Natathmini hatari kwa ajili ya bima, na mji ninaoujua kwa miguu ni Dar es Salaam. Anayegawa kanda mara ya kwanza hushika ramani ya kata na kalamu za rangi: Jangwani nyekundu, Magomeni njano, basi. Usifanye hivyo. Ndani ya mtaa mmoja wa Magomeni kuna nyumba inayoingia maji kila masika, na ya nyuma yake haijawahi kulowa. Ukiwatoza ada moja, unamnyonya mmoja na kumdanganya mwenzake.

Wakati wa kiangazi, ufuate mto. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapokea mito midogo kama Sinza na Mto Ng'ombe, kisha unaingia baharini kwenye Daraja la Selander. Kila daraja na kalavati pima uwazi uliobaki baada ya mchanga na taka. Kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro wa mhandisi hakikusaidii kama nusu yake ni mchanga.

Halafu ingia majumbani, lakini pitia kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bondeni zilipigwa alama ya X nyekundu, nyingi zikabomolewa. Mgeni mwenye mkanda wa kupimia na daftari bado anawatia watu wasiwasi, na wana haki.

Usimuulize mtu maji yalifika mita ngapi. Uliza yalimfika wapi: kifundoni, gotini, kiunoni? Kisha akuonyeshe ukutani, upime mwenyewe. Taja mvua zinazokumbukwa, hasa za Desemba 2011, zilizotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954, na za Aprili 2018. Mpangaji wa juzi hatajua. Mtafute mwenye nyumba, au fundi cherehani aliyekaa baraza lile lile miaka yote. Anayetarajia fidia atayapandisha maji hadi dirishani, na anayetaka kuuza nyumba atayashusha hadi uani. Ndiyo maana unauliza nyumba tatu jirani na kuuamini mstari wa tope ulioachwa ukutani kuliko wote watatu.

Sasa kizingiti. Pima kimo chake kutoka usawa wa barabara, nyumba kwa nyumba, kwa sababu bima hulipa kwa maji yaliyovuka hapo. Ramani za bure za setilaiti zenye vipande vya mita 30 hukosea kimo cha ardhi kwa mita kadhaa. Bondeni Jangwani, mita moja tu ndiyo tofauti ya kulowesha zulia na kupoteza friji, godoro na mashine ya kushonea. Tafuta vipimo vya droni ukivipata. Ramani Huria, kazi iliyoanza 2015 ikiwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe, iliingiza nyumba na mitaro mingi ya Dar kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kawaida, na yeyote anaruhusiwa kuitumia.

Takwimu za mvua omba Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mhandisi wa maji atakupa mafuriko ya "mara moja kwa miaka 100", maana yake uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Kwa mwenye mkopo wa nyumba wa miaka 30, uwezekano wa kuyapata angalau mara moja ni kama asilimia 26. Ya mara moja kwa miaka 10, kwa muda huo huo, ni asilimia 96. Mwenye nyumba hii ya pili usimuuzie bima kwa maneno matamu: mweleze wazi kwamba kuinua sakafu kutamfaa kuliko ada utakayomtoza.

Karibu na Selander angalia pia jedwali la maji kujaa na kupwa. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani bahari inapojaa kuliko kawaida, mto unakosa pa kutokea na kurudi nyuma. Fanya hesabu mara mbili, bahari ikiwa imejaa na ikiwa imekupwa, na kanda uichore kwa ile mbaya.

Rasimu ikiwa tayari, ibandike kwenye ofisi ya mtaa kabla haijafika kwa meneja wako. Watakuja kubishana kuhusu mtaro uliozibwa na ukuta wa jirani. Nenda ukauone, rekebisha mstari, na uandike tarehe kwenye ramani; ukuta mwingine ukijengwa, utaichora upya.