Nakala rudufu ya iPad imefika GB 34: jinsi ya kutafuta kinachoijaza iCloud

Mwalimu mmoja wa jiografia aliniletea iPad yake ya GB 64 akiwa na lalamiko moja tu: kila asubuhi kifaa kilimwambia kwamba nafasi yake ya iCloud, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Apple, imejaa, ilhali alikuwa analipia GB 50 kila mwezi na, kwa maelezo yake, hakuwa na kitu kikubwa zaidi ya masomo yake. Alikuwa ameshafuta picha kama mia mbili na kuondoa michezo ya watoto, lakini ujumbe ule haukukoma. Alichotaka kujua ni kama apandishe kifurushi hadi GB 200. Nilimwomba asubiri, kwa sababu katika kazi hii nimeona mara nyingi kwamba bakapu inayovimba haijazwi na vitu ambavyo mwenye kifaa anavitumia, bali na vitu alivyokwisha kuvisahau, au vilivyohifadhiwa mara mbili, au vya kifaa ambacho hakiko tena mikononi mwake.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ule ule niliotumia kwenye kishikwambi cha mwalimu huyo. Wengi wetu tunatumia vifaa vya Apple kwa Kiingereza, kwa hiyo nitayataja majina ya vitufe kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Kabla ya kuanza: nakala na usawazishaji

Ndani ya iCloud kuna mambo mawili yanayofanana kwa sura lakini yanatenda kazi tofauti kabisa. Nakala rudufu, yaani bakapu, ni picha ya kifaa chako kama kilivyokuwa usiku fulani, na haitumiki mpaka siku utakapokirejesha kifaa hicho au kununua kingine. Usawazishaji ni kitu kimoja kinachoonekana kwenye vifaa vyako vyote kwa pamoja. Ukiiondoa programu kwenye nakala rudufu, data yake inabaki salama ndani ya kifaa. Lakini ukifuta picha iliyosawazishwa, inafutika kwenye simu, kwenye iPad na kwenye kompyuta. Waliopoteza picha za harusi zao wakidhani wanapunguza bakapu walikosea hapa hapa, na ndiyo maana sifuti chochote kabla ya kujua kiko upande upi.

Ikiwa una kompyuta, iunganishe iPad kwa waya na uchukue nakala kamili kwanza, kwa kutumia Finder kwenye Mac au programu ya Apple kwenye Windows. Chagua nakala iliyofungwa kwa nenosiri, kwa kuwa isiyofungwa haichukui maneno yako ya siri.

Hatua ya 1: Soma mgawanyo

Fungua Settings, gusa jina lako juu kabisa, ingia iCloud, kisha uguse sehemu ya Storage, ambayo katika matoleo ya nyuma kidogo inaitwa Manage Account Storage. Andika tarakimu kwenye karatasi, hata kama unaona ni jambo la kizamani, kwa sababu baada ya saa mbili za kuzima na kuwasha swichi hutakumbuka ulianzia wapi.

Kwa mwalimu, karatasi ilisomeka hivi: Backups GB 45, iCloud Drive GB 4.6, na mabaki kidogo ya barua na madokezo. Picha hazikuwepo kwenye orodha hiyo kabisa, maana yake ni kwamba hakuwa amewasha iCloud Photos, yaani usawazishaji wa picha, na kwamba picha zake zilikuwa zimejificha ndani ya bakapu. Zile mia mbili alizofuta zilikuwa tone tu.

Hatua ya 2: Ondoa nakala za vifaa usivyonavyo

Gusa Backups. Utaona kila kifaa kilichowahi kuhifadhi nakala kwenye akaunti yako na ambacho nakala yake haijafutwa. Kwa mwalimu palikuwa na vifaa viwili: iPad hii, GB 34, na iPhone aliyoiuza miezi mitatu nyuma, GB 11. Apple huifuta nakala yenyewe baada ya siku 180 tangu kifaa kiache kuitumia huduma hiyo, lakini katika nusu mwaka huo unailipia nafasi yake.

Uliza kwanza kama kuna kitu ndani ya nakala hiyo ambacho hakikuhamia kwenye simu mpya. Nakala ya iCloud haifunguliki kama folda. Njia pekee ya kuitazama ni kuirejesha kwenye kifaa. Mwalimu alipokwisha kuthibitisha kwamba namba, picha na mazungumzo yake yote yalikuwa kwenye simu yake ya sasa, tuliifuta. Anza na hatua hii kabla ya zinazofuata, kwa sababu iCloud ikiwa imejaa kabisa, nakala mpya haiwezi kukamilika, na kama haikamiliki hutaona matokeo ya kazi yote utakayoifanya baadaye.

Hatua ya 3: Fungua orodha ya programu

Gusa jina la kifaa unachokitumia. Inaweza kuchukua dakika moja au mbili kabla orodha haijajaa, kwa hiyo usikimbilie kusema imekwama. Utaona tarehe na ukubwa wa nakala ya mwisho, na chini yake programu zilizopangwa kuanzia nzito zaidi. Gusa kitufe cha kuonyesha zote.

Inafaa kuelewa kwa nini programu moja huchukua MB 2 na nyingine GB 20. Programu zenyewe haziingii kwenye bakapu, kwani zitapakuliwa upya kutoka App Store. Kinachoingia ni data yake, na hapo mtengenezaji wa programu ndiye mwenye uamuzi: akiweka faili kwenye folda ya muda, mfumo unaziruka, akiziweka kwenye folda ya nyaraka, mfumo unazihesabu kuwa mali ya mtumiaji na kuzibeba zote, isipokuwa amezitia alama maalumu ya kuzizuia. Mtengenezaji asiye makini huweka kila kitu kwenye folda ya nyaraka, hata vitu vinavyoweza kupakuliwa tena wakati wowote, na gharama unabeba wewe.

Orodha ya mwalimu ilianza na programu ya madokezo, ile ya kuandika kwa kalamu huku ikirekodi sauti: GB 19.3. Picha zilifuata kwa GB 9.1, kisha ujumbe GB 1.8, na vilivyobaki vyote kwa pamoja GB 3.8.

Kishawishi ni kuizima swichi ya programu nzito na kukubali ulizo la Turn Off & Delete. Nafasi itapatikana papo hapo, lakini iPad ikiibiwa kesho, masomo ya miaka minne yatakuwa yameondoka nayo. Mimi huizima swichi pale tu ambapo data ina kwao kwingine: programu ya kutazama filamu, ramani zilizopakuliwa, au programu ambayo tayari ina akaunti yake mtandaoni. Kwa nyingine, fungua programu yenyewe na utafute uzito umekaa wapi.

Tuliifungua. Madaftari yaliyoonekana yalikuwa machache na mepesi. Kwenye mipangilio ya programu, chini kabisa, palikuwa na pipa la taka ambalo mwalimu hakuwahi kuligusa, na ndani yake madaftari 140 aliyoyafuta tangu mwaka 2021, moja likiwa la ramani za kidato cha tatu ambalo kila kipindi cha dakika 80 kilikuwa kimerekodiwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na kelele za madawati. Pipa lile lilibeba GB 12.6. Alipitia majina yote, akarudisha daftari moja, kisha akalimwaga. Programu nyingi za kuhariri video, kurekodi sauti na kusoma PDF zina pipa lake lenyewe la namna hii, na kufuta kitu ndani ya programu mara nyingi ni kukihamishia pipani tu.

Kama orodha ya bakapu haikupi jibu, ilinganishe na ile ya General, iPad Storage. Pale ukigusa programu utaona mstari wa Documents & Data. Programu yenye data nyingi pale lakini data ndogo kwenye bakapu haina tatizo. Inayolingana pande zote mbili ndiyo ya kuchunguza.

Hatua ya 4: Picha na video

iCloud Photos ikiwa imezimwa, maktaba yote ya picha huingia kwenye bakapu. Ikiwa imewashwa, hutoka kwenye bakapu na kuhesabiwa peke yake. Watu huambiana kwamba kuiwasha kunapunguza matumizi. Kwa mwenye kifaa kimoja, sivyo: GB 9 hutoka mfuko mmoja na kuingia mwingine. Faida ipo kwa mwenye iPhone na iPad zenye picha zile zile, kwa sababu badala ya kubebwa mara mbili katika nakala mbili, zinahesabiwa mara moja.

Chanzo chenyewe ni video mara nyingi kuliko picha. Fungua mipangilio ya Camera kisha Record Video, na Apple wenyewe wameandika hesabu: dakika moja ya video ya ubora wa 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde ni takriban MB 60, wakati dakika moja ya ubora wa juu zaidi wa 4K kwa fremu 60 kwa sekunde ni takriban MB 400. Dakika 10 tu za sherehe katika kiwango hicho cha juu ni GB 4, na nafasi ya bure ya iCloud imekuwa GB 5 tangu huduma ilipoanza mwaka 2011. Kwa video za darasani 1080p inatosha kabisa.

Tulihamishia video za zaidi ya GB 6 kwenye diski ya nje, tukazifungua pale kuhakikisha zinacheza, ndipo tukazifuta kwenye iPad. Kumbuka albamu ya Recently Deleted: kitu kilichofutwa hukaa humo hadi siku 30 kikiendelea kuchukua nafasi, mpaka ukimwage mwenyewe.

Hatua ya 5: WhatsApp, kwa wenye simu

Kwenye iPhone, WhatsApp inaweza kuhifadhiwa mara mbili bila wewe kujua. Ina nakala yake yenyewe inayowashwa ndani ya Chats, Chat Backup, na wakati huo huo data yake huingia kwenye bakapu ya jumla ya simu. Chagua moja. Mimi huacha ile ya WhatsApp na kuizima swichi yake kwenye orodha ya hatua ya 3, kisha huondoa video kwenye nakala hiyo kwa kuizima Include Videos.

Kwenye Android, mambo yamebadilika tangu mwaka 2024: nakala ya WhatsApp, ambayo zamani haikuhesabiwa, sasa inakula ndani ya GB 15 za bure za Google, zile zile zinazogawanywa na Gmail, Drive na Google Photos. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha kupokea barua pepe kwa sababu ya video za kikundi cha kamati ya harusi. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kisha usimamizi wa hifadhi. Utaonyeshwa faili zinazozidi MB 5, zilizosambazwa mara nyingi, na kila kikundi na uzito wake. Ukifuta hapo unafuta kwenye simu yenyewe, kwa hiyo tazama kabla ya kuchagua zote.

Hatua ya 6: Endesha nakala mpya

Tarakimu haishuki mpaka nakala mpya ikamilike. Unganisha chaji na Wi-Fi, ingia iCloud Backup, gusa Back Up Now. Usiku wa kawaida kifaa hufanya hivyo chenyewe kikiwa kimefungwa skrini, kiko kwenye chaji na Wi-Fi, na hupandisha mabadiliko tu. Nakala ya kwanza ndiyo nzito: GB 34 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 2 (megabiti 2 kwa sekunde) zingehitaji karibu saa 38 mfululizo, na kama Wi-Fi yenyewe ni hotspoti ya simu ya pili, bando litakwisha kabla ya iPad kufika robo.

Ikiwa nakala imekamilika lakini ukubwa umegoma kushuka, na unayo nakala kamili kwenye kompyuta, futa nakala ya kifaa hicho kwenye Backups, washa tena iCloud Backup ambayo itakuwa imejizima, na uanze upya. Bila nakala ya kompyuta, usifanye hivyo; bora uvumilie tarakimu mbaya kwa wiki moja.

Kwa mwalimu haikuhitajika. Aliiacha iPad kwenye Wi-Fi ya shule usiku kucha, na asubuhi yake nakala ilisoma GB 15.4, nafasi iliyotumika ikiwa GB 20 kati ya 50. Aliuliza kama sasa anaweza kurudi kwenye zile GB 5 za bure. Nikamwonyesha mstari wa madaftari, GB 6.7 za masomo anayoyafundisha hadi leo, akaacha kifurushi chake kama kilivyo.